Meli Iliyopakwa Grisi Kabla ya Kuzamishwa

Mwishoni mwa Julai 1916, mji wa Kigoma ulikuwa umebakiza siku chache tu mikononi mwa Wajerumani. Majeshi ya Kibelgiji yalikuwa yakiteremka kutoka kaskazini, ndege zao za kutua majini zilikuwa zimekwisha kuangusha mabomu bandarini, na njia ya reli ya kwenda Tabora ilikuwa hatarini kukatwa. Bandarini hapo palikuwa na meli kubwa kuliko zote zilizopata kuonekana katika Ziwa Tanganyika, na amri ilikuwa imekwisha kutoka kwamba isiachiwe adui.

Amri ya namna hiyo kwa kawaida hutekelezwa kwa baruti. Tumbo la meli hupasuliwa, mitambo huvunjwa, na waliopewa kazi huondoka mbio. Mafundi wa Kigoma hawakufanya hivyo. Waliingia katika chumba cha injini wakaipaka mitambo yote grisi, tabaka nene, kila palipokuwa na chuma kilichong'arishwa. Kisha meli ikajazwa mchanga ili ishuke wima bila kupinduka, ikapelekwa kusini kidogo mwa mji, na tarehe 26 Julai 1916 ikazamishwa polepole. Ziwa Tanganyika lina mahali penye kina cha mita 1,470. Wangetaka ipotee milele, haikuwa taabu kupata pa kuitupa. Badala yake walichagua pasipo na kina kirefu, mahali ambapo mtu angeweza kuifuata. Siku mbili baadaye Wabelgiji waliingia Kigoma.

Naikumbuka grisi ile kila nisomapo habari za kuhifadhi vyuma vya kale. Vitabu vya fani hiyo huanza na maabara za Ulaya, na kemikali, na wataalamu waliovaa makoti meupe. Kwetu sisi mfano bora ninaoufahamu ulianza kwa watu waliokuwa wanashindwa vita, ambao muda ulikuwa umewaishia, na ambao bado walitumia muda huo kidogo kupaka mafuta kitu walichokuwa wanakwenda kukizamisha.

Meli yenyewe iliitwa Graf von Götzen. Ilijengwa mwaka 1913 katika karakana ya meli ya Meyer, mjini Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani. Hakuna mto unaotoka baharini hadi Kigoma ambao chombo cha urefu wa mita 71 hivi kingeweza kuupanda, kwa hiyo Wajerumani waliijenga mara mbili. Kule Papenburg waliiunga kwa bolti tu, wakahakikisha kila bamba linakaa mahali pake, kisha wakaifungua yote na kuipakia katika makasha 5,000 hivi. Makasha yakasafiri kwa meli kutoka Hamburg hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo yakapanda reli ya kati, iliyofika Kigoma mwanzoni mwa 1914 baada ya kilomita zipatazo 1,250.

Wajerumani watatu wa Meyer walifuatana na mzigo huo: Anton Rüter, ambaye ndiye aliyekuwa fundi mkuu, pamoja na Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Majina yao tunayo. Mafundi wa Kihindi na vibarua wa Kiafrika waliopiga ribiti moja baada ya nyingine, wakaibadilisha shehena ya vyuma kuwa meli, majina yao hayakuingia katika simulizi tunazozisoma. Jambo hilo linaniuma. Kupiga ribiti si kazi ya kubeba tu. Mmoja huichoma ribiti hadi iwe nyekundu, mwingine huitia katika tundu ingali moto, wa tatu huikandamiza kwa ndani huku wa nne akiifinyanga kichwa kwa nyundo. Ribiti ikipoa hujikaza na kuyabana mabamba mawili hadi maji yasipite. Ikipigwa ovyo, meli huvuja. Ile haikuvuja. Iliteremshwa majini tarehe 5 Februari 1915, vita vikiwa vimekwisha kuanza, na katikati ya mwaka huo ikaanza kutembea.

Jina lake lilikuwa la gavana aliyeitawala Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia 1901 hadi 1906, ndiye aliyekuwa madarakani Vita vya Majimaji vilipolipuka mwaka 1905 na mashamba ya watu wa kusini yakateketezwa hadi njaa ikaua kuliko risasi. Nalitaja kwa sababu kitu cha kale hakifiki kwetu kikiwa safi. Hufika na historia yake yote, na anayekihifadhi hana ruhusa ya kuchagua kipande kimoja na kukifuta kingine.

Ili kuelewa kwa nini grisi ile ilikuwa na maana, lazima tuitazame ndugu yake aliyekufa.

Manowari ya Kijerumani Königsberg ilifika Dar es Salaam Juni 1914. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 iliishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus iliyokuwa imetia nanga Zanzibar ikitengenezwa mitambo, ikaizamisha. Lakini Königsberg nayo ilikuwa na maradhi ya injini. Ikajificha ndani ya mikono ya Mto Rufiji, katikati ya mikoko, na vipuri vyake vikaburutwa kwa nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam na kurudishwa. Walioviburuta walikuwa watu wetu, kwa kamba na mabega. Wajerumani walipata injini nzima, ila hawakupata njia ya kutoka, kwani Waingereza walikuwa wameziba midomo ya mto. Tarehe 11 Julai 1915 manowari ilipigwa hadi wenyewe wakaizamisha pale pale ilipokuwa.

Mizinga yake kumi ya milimita 105 iliopolewa, ikafutwa matope na maji ya chumvi, ikatengenezwa Dar es Salaam na kuwekewa magurudumu. Mmoja ulipelekwa Kigoma na kufungwa juu ya Graf von Götzen. Kwa muda, chuma kilichonusurika katika maji ya Rufiji kilisafiri juu ya meli ambayo nayo ingelala chini ya maji. Baadaye mzinga huo uliondolewa na kupelekwa kwenye mapigano ya nchi kavu.

Bodi la Königsberg lilibaki mtoni. Hakuna aliyelipaka kitu. Wanunuzi wa chuma chakavu walikuja, wakakata walichoweza kukata, na kazi hiyo ikaendelea miaka mingi. Maji ya kupwa na kujaa yalipita ndani yake mara mbili kila siku, na kufikia miaka ya 1960 kilichobaki kilikuwa kinamezwa na tope. Meli mbili za taifa moja, zilizozamishwa na wenyewe katika nchi moja, kwa tofauti ya mwaka mmoja. Moja imekwisha. Nyingine imebeba abiria hadi karne hii.

Tofauti ya kwanza ni nia ya binadamu, nayo nimekwisha kuieleza. Ya pili ni maji.

Chuma hakitoki ardhini kikiwa chuma. Hutoka kikiwa mawe na udongo mwekundu, kimeshikana na oksijeni, na hukubali kuachana nayo kwa moto tu. Wafipa wanaokaa kusini mashariki mwa Ziwa Tanganyika walilijua jambo hilo karne nyingi kabla ya Papenburg. Walijenga malungu, tanuru za udongo ndefu kupita kimo cha mtu, wakazijaza mkaa na mawe ya madini, na kutoa chuma cha majembe na mikuki. Kutu ni chuma kikianza safari ya kurudi kilikotoka. Kikipata maji na hewa pamoja, huungana tena na oksijeni na kuwa udongo mwekundu uleule. Mkulima anayefuta jembe lake na kulipaka mafuta kabla ya kulitundika anaizuia safari hiyo. Mafuta hayakiongezei chuma nguvu. Yanakifunika tu, maji yasikiguse.

Chumvi ndiyo inayoharakisha mambo. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu zipatazo 35 za chumvi. Chumvi hiyo hurahisisha umeme mdogo unaozaliwa ndani ya chuma kinapoliwa, na kibaya zaidi, klorini iliyomo humo hupenya hadi ndani ya vitundu vya kutu na kujificha huko. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Wanaopoa nanga au mzinga kutoka baharini, wanauona mzima, wanauanika juani, wanaupaka rangi nyeusi, wanaridhika. Baada ya miezi, matone madogo ya rangi ya chai huanza kutokeza juu ya rangi, kama jasho. Kisha ngozi ya chuma hubanduka vipande vipande. Adui alikuwa ndani muda wote, na kilichokuwa kinamzuia ni kule kukosa hewa chini ya bahari. Kitu kilichokaa miaka 300 chini ya maji kinaweza kuharibika katika mwaka mmoja juu ya meza.

Kwa sababu hiyo, mtu anayejua kazi hakiachi kitu kikauke. Hukitoa baharini na kukitia moja kwa moja katika pipa la maji yaliyochanganywa na magadi au kostiki soda, maji ambayo chuma hakioti kutu ndani yake. Kisha huja kazi ya kuivuta klorini itoke. Njia moja ni kubadilisha maji hayo tena na tena na kuyapima hadi klorini iishe. Nyingine ni kutumia umeme: kitu hufungwa kwenye waya wa upande hasi, wavu wa chuma huwekwa kukizunguka upande chanya, na mkondo mdogo kabisa hupitishwa humo. Mapovu madogo hutoka juu ya chuma, ganda la chokaa na kutu hulegea, na klorini huhama polepole kuelekea kwenye wavu. Kwa msumari, hiyo ni kazi ya wiki. Kwa mzinga, ni kazi ya miaka. Mwishoni kitu huoshwa, hukaushwa, hupakwa asidi ya tanini inayoigeuza kutu iliyobaki kuwa tabaka jeusi lenye kutulia, na juu yake nta. Tanini hiyo ni dutu ileile iliyomo katika magome ya mikoko, ambayo watu wa pwani wameyatumia tangu zamani kutia ngozi rangi na kuziimarisha. Königsberg ilioza ikiwa imezungukwa na dawa yake.

Afrika Mashariki iliiona kazi hii kwa upana wake huko Mombasa. Meli ya vita ya Kireno Santo António de Tanna ilizama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, wakati Waomani walipokuwa wameizingira ngome hiyo, mzingiro uliodumu kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Wazamiaji wa Mombasa waligundua masalia yake katika miaka ya 1960, na kuanzia 1977 hadi 1980 Makumbusho ya Kenya pamoja na wataalamu wa akiolojia ya chini ya maji, wakiongozwa na Robin Piercy, waliyachimbua. Vitu kwa maelfu vilipanda juu: vyombo vya udongo, mbao, risasi, mizinga, vyombo vya shaba. Wachimbaji walijua kwamba kuchimba ni sehemu ndogo ya kazi, kwa hiyo maabara ya kuhifadhi iliwekwa ndani ya ngome yenyewe. Bodi la mbao lilipimwa, likachorwa, kisha likafukiwa tena chini ya bahari. Wapo walioshangaa kwamba meli nzima iliachwa huko. Mimi naona ulikuwa uamuzi wa busara kuliko yote. Ukikiinua kitu usichokuwa na uwezo wa kukitunza, umekiangamiza, na tope lililokitunza miaka 280 lilikuwa linakijali kuliko wewe.

Ndani ya Fort Jesus hiyohiyo kuna mizinga miwili ambayo kila nikiifikiria nataka kusimama hapo kimya. Mmoja ni wa Königsberg. Mwingine ni wa Pegasus, meli ambayo Königsberg iliizamisha Zanzibar asubuhi ile ya 1914. Yote miwili ilitolewa katika maji ya chumvi, ikatumika tena vitani upande huu na ule, na sasa inakaa karibu karibu. Upepo wa bahari unaipiga kila siku ukiwa umebeba chumvi ileile. Chuma kilicho nje pwani hakihifadhiwi mara moja kikaisha. Kinahitaji kuoshwa kwa maji baridi, kukaguliwa viungo na matundu yanakotuama maji ya mvua, kuparuliwa palipovimba na kupakwa upya, mwaka nenda mwaka rudi. Aliyeko kazini leo akiacha, atakayekuja baada yake hatakuta cha kuokoa.

Sasa turudi Kigoma, kwenye maji ya namna nyingine kabisa.

Ziwa Tanganyika ni la maji baridi. Chumvichumvi zote zilizoyeyuka ndani yake hazifiki gramu moja kwa lita. Tena maji yake yana asili ya magadi kidogo. Tabia hiyo ndiyo mhifadhi anayoitafuta anapochanganya pipa lake la magadi maabarani, ingawa yake ni kali zaidi. Bila mtu yeyote kupanga, mabamba ya Graf von Götzen yaliwekwa ndani ya maji yaliyoyahurumia. Lakini nisilisifu ziwa kupita kiasi. Maji ya juu ya Tanganyika yana hewa ya kutosha, samaki wanaishi humo, na palipo na hewa na maji kutu haikosi. Bamba nene linaweza kuliwa kidogo likabaki bamba. Mhimili wa injini uliosuguliwa hadi ukang'aa kama kioo, pistoni zinazopita ndani ya silinda zikiwa zimebanwa kwa unene wa unywele, havina cha kuliwa. Kutu ya unene wa ukucha huviua. Ziwa lisingeweza kuviokoa peke yake. Grisi ndiyo iliyosimama kati ya chuma na maji mahali pale pasipostahimili hasara.

Wabelgiji waliotwaa Kigoma waliitafuta meli, wakaipata na kuiinua, wakaivuta hadi bandarini. Kabla haijatengenezwa ikazama tena. Mwaka 1921 Kigoma ilikabidhiwa kwa Waingereza, pamoja na ile meli iliyolala chini. Nao wakaamua kuitoa. Kazi ilikuwa ndefu: kuondoa mchanga, kuziba matundu, kusukuma maji nje kwa pampu. Tarehe 16 Machi 1924 ilielea.

Ningependa kuwa mmoja wa waliofungua chumba cha injini. Miaka karibu 8 ilikuwa imepita. Walichokuta kimeandikwa na wote walioisimulia meli hii, na wote wanakubaliana: chini ya grisi, injini na boila zilikuwa zingali zinafaa kutumika. Haikuhitajika kuagiza nyingine kutoka Ulaya. Zilisafishwa, zikakaguliwa, zikaungwa tena, zikafanya kazi. Waliozipaka walifanya hivyo wakitumaini kwamba Ujerumani ingeshinda vita na wao wangerudi kuiinua meli yao. Hawakurudi kuichukua. Kazi yao ikawafaa Waingereza, kisha Watanganyika, Wazambia, Wakongo na Warundi, watu ambao hawakuwa akilini mwao hata kidogo siku ile.

Tarehe 16 Mei 1927 meli ilirudi safarini ikiwa na jina jipya, Liemba. Ndilo jina la ziwa ambalo msafiri Livingstone alilisikia kwa wenyeji wa upande wa kusini wa ziwa alipofika huko mwaka 1867. Katika matengenezo yote iliyofanyiwa, hilo naliona kuwa zuri kuliko yote, nalo halikugharimu chochote zaidi ya rangi.

Tangu hapo meli ikawa njia. Upande wa mashariki wa ziwa, kusini ya Kigoma, vijiji vingi vilikaa miongo mingi bila barabara ya maana. Liemba ilikuwa ikitoka Kigoma na kushuka hadi Mpulungu, Zambia, ikipitia Karema, Kipili, Kasanga na vituo vingine. Pengi hapakuwa na gati. Meli ilipiga honi usiku, ikasimama mbali na ufuko, na mitumbwi ikaja kuizunguka, watu wakishikana mikono kupanda, magunia ya mahindi na dagaa yakirushwa kutoka huku kwenda kule, mtoto akipitishwa dirishani kwa mikono ya watu wasiomjua. Mwaka 1997, baada ya utawala wa Mobutu wa Kongo kuanguka, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliitumia kuwarudisha Wakongo zaidi ya 75,000 makwao. Mei 2015, Warundi kwa maelfu walipokusanyika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na maji, Liemba ilikwenda na kurudi ikiwatoa hapo kuwaleta Kigoma, mamia kwa kila safari. Ilikuwa na umri wa miaka 100.

Meli inayofanya kazi kiasi hicho haiwezi kubaki kama ilivyozaliwa, na hapa nafika kwenye suala ambalo wapenzi wa vyuma vya kale hawajawahi kukubaliana. Katika miaka ya 1970 injini za mvuke ziliondolewa na mahali pake zikawekwa za dizeli. Mwaka 1993, kwa fedha za msaada kutoka Denmark, ikakarabatiwa tena, ikapata injini mpya na nafasi ya abiria 600. Tazama kilichotokea. Mitambo ileile iliyopakwa grisi mwaka 1916, iliyovumilia chini ya maji miaka karibu 8, iliyofufuka 1924 na kufanya kazi nusu karne zaidi, ilishindwa na kitu kidogo kuliko vita: ugumu wa kupata kuni na makaa, vipuri na mafundi wa mvuke.

Nimesoma watu wakiwalaumu walioziondoa. Mimi siwalaumu. Mama mwenye mgonjwa aliyekuwa akiisubiri meli ile ufukoni hakuwa anasubiri injini ya mvuke, alikuwa anasubiri kufika Kigoma. Kama Liemba isingebadilishwa mitambo ingefungwa gatini, na meli iliyofungwa bila kazi hukatwa vipande. Ila nina huzuni, na huzuni hiyo naiandika wazi. Injini kama zile zilistahili kuwekwa mahali, juu ya jukwaa la saruji chini ya paa la bati, hapo hapo Kigoma, zipakwe mafuta kila mwaka na mtu aliyekabidhiwa kazi hiyo kwa jina lake. Wanafunzi wa ufundi wangeziona. Mtu wa kawaida angeweka kiganja juu ya chuma ambacho grisi ilikiokoa.

Wahifadhi wa makumbusho wana kanuni zao: usifanye kisichoweza kutenguliwa, usiondoe cha asili pasipo lazima, na kila unachogusa andika. Fundi wa meli ana kanuni nyingine, abiria wasife. Kwa mzinga wa Fort Jesus, kanuni za kwanza zinatosha. Kwa meli inayobeba watu, ya pili ndiyo inayotangulia, na hakuna mhifadhi mwenye akili atakayebisha. Lakini kanuni ya kuandika na ile ya kutotupa cha asili hazigombani na usalama wa mtu yeyote. Bamba likikatwa, linaweza kupigwa picha kwanza, kupimwa, kutiwa namba. Hilo ni jambo la daftari na kalamu.

Miaka ya karibuni Liemba imesimama Kigoma, na serikali imeamua kuikarabati upya badala ya kuiacha ife. Nilifurahi kusikia hivyo. Sehemu kubwa ya bodi lake bado ni chuma cha 1913. Ukitazama ubavuni, chini ya rangi zilizopakwa mara zisizohesabika, unaona safu za vichwa vya ribiti zikikimbia kutoka omo hadi tezi, zikiwa zimevimba kidogo kila moja kwa namna yake, maana zilifinyangwa kwa mkono. Meli za leo huchomelewa. Fundi mwenye uwezo wa kupiga ribiti ya moto ni adimu, na kwenye matengenezo ya meli kama hii rahisi kuliko yote ni kukata bamba la zamani kwa gesi, kuchomelea jipya lililo laini, na kupeleka la kale kwenye mizani ya chuma chakavu.

Wakaguzi hulipima bamba kwa vyombo vya mawimbi ya sauti vinavyoonyesha unene uliobaki kwa milimita. Mafundi wa zamani walitumia nyundo ndogo na sikio: bamba zima hulia, lililoliwa huitika kwa sauti butu. Kwa njia yoyote ile, yapo mabamba yatakayofeli, na lazima yatoke. Ombi langu kwa watakaoshika kazi hiyo ni dogo. Angalau bamba moja la mwanzo likatwe kwa kufuata mstari wake wa ribiti, bila kupasua vichwa. Lisafishwe kwa brashi ya waya hadi kwenye chuma kizima, lioshwe, likaushwe juani siku moja. Kisha lipakwe grisi, tabaka nene, na libaki Kigoma.